Dadu Isiyorudia

Nyumba sita za wanyama, ya Fisi ikiwemo, kila moja na namba yake, zilipigiwa dadu kila asubuhi kujua nani atachota maji mtoni kwa Mamba. Fisi aliirusha pangoni mwake peke yake, kisha akatangaza. Leo alimtaja binti wa Swala, mtoto pekee aliyebaki baada ya wawili kuliwa.

"Ni bahati tu, shangazi. Dadu yangu ina haki. Siku arobaini haijarudia nyumba moja mara mbili mfululizo."

Swala alimwomba Mola amzuie ulimi, lakini ulimi haukuzuilika.

"Ilete."

Swala akaichukua, akairusha mbele ya wote: nne, nne, moja, tatu, tatu.

"Dadu ya kweli hurudia, mwongo wewe. Hukurusha kitu. Ulikuwa ukituchagua, na hujajichagua hata siku moja."

Wanyama wakamtwika Fisi mtungi, wakamsindikiza hadi majini.