Okota, Mzee

Mjinga wa siku ile alikuwa Dell Pruitt, na mwenyewe hakatai. Fainali ya gofu ya wachezaji wa ridhaa wa Oklahoma, shimo la mwisho, mpira wake umebakiza kuchungulia tu shimoni. Katika gofu ya ana kwa ana, mpira ukikaribia hivyo, mpinzani muungwana hukwambia "Okota," na pigo linahesabiwa limeingia. Royce Stallcup alitabasamu. Akavua glavu yake kwa meno, akarudisha fimbo begini. Dell akainama, akaokota.

"Mbona umeokota?" Royce akauliza. "Mimi sikusema kitu."

Kuokota bila ruhusa ni pigo la adhabu. Royce akaondoka na kombe, Dell akaondoka na jina. Miaka yote aliyofundisha gofu katika chuo kidogo kule Enid, hata kinyozi wake hakumwacha. "Karibu kiti, kocha. Ila usiokote kitu."

Ndipo akaja Tanner Wiebe, kijana wa mashoto aliyegombewa na vyuo vikubwa vyenye viwanja vyao wenyewe. Akachagua cha Dell. Dell akavimba kichwa; kumbe sifa zake zimefika mbali. Kijana hakuwa msemaji. Safarini, upepo ukitikisa pikapu, aliomba jambo moja tu.

"Nisimulie tena, kocha. Alitabasamu kwanza, au alirudisha fimbo kwanza?"

"Wewe mtoto unanitonesha kidonda."

"Nisimulie tu."

Kiangazi hiki Tanner akafika fainali ileile. Na aliyemsubiri huko ni Royce, mvi tele, mkono wake wa kushoto bado mtamu. Dell hakuruhusu mtu mwingine abebe begi la kijana. Alilibeba mwenyewe, kama mtu anayebeba jeneza la adui yake.

"Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi," alimnong'oneza asubuhi. "Mpira wake ukikaribia, msamehe. Mzoeshe. Shimo la mwisho, funga mdomo."

Ikawa hivyo. "Okota, mzee," alisema Tanner shimo la pili. "Okota, mzee," akasema la tano, na la sita. Royce akanogewa, hata akawa anaokota bila kumtazama usoni kwanza.

"Kijana ana adabu huyu," akamwambia Dell. "Kwako hakuipata." Akamgeukia Tanner. "Akina Wiebe niliwahi kuwajua. Na unapiga kama nilivyokuwa nikipiga mimi. Nani alikufundisha utotoni?"

"Hakuwepo," akajibu Tanner, na kwenda kutafuta mpira wake.

Shimo la mwisho walifika wakiwa sawasawa. Tanner akausukuma mpira wake, ukatumbukia. Royce akasukuma wa kwake kusawazisha. Ukaviringika, ukasimama upana wa kiganja kutoka shimoni. Dell aling'ang'ania mlingoti wa bendera.

Tanner akatabasamu. Akarudisha fimbo begini.

Royce akainama, akaokota.

"Mbona umeokota?" Tanner akauliza. "Mimi sikusema kitu."

Mwamuzi akainua kidole kimoja. Adhabu. Mchezo umekwisha.

Dell alikuwa ameingoja siku hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikwenda akasimama mbele ya Royce, karibu kabisa, ili yule bwana asikose kumwona anavyocheka.

"Cheka tu, Dell," Royce alisema. "Ulishindwa kulipiza mwenyewe, ukamfuga mtoto wa watu akulipizie."

"Nilimfundisha kunyamaza tu. Nilijifunza kwako."

"Hana hatia huyu. Umemtia sumu yako." Royce akamgeukia Tanner, mpira ungali mkononi, sauti imeanza kupanda. "Na wewe, kijana. Kutwa nzima unaniambia okota, okota. Sasa umetabasamu, umeweka fimbo. Mtu yeyote angedhani ameruhusiwa aende zake."

Tanner akavua glavu yake. Kwa meno.

"Mama naye hakukwambia nenda, baba. Ukaenda."