Sauti Kwenye Boya

Mji mzima ulifurahia bahari kutulia, isipokuwa Mize. Kule mwambani lilielea boya ambalo mawimbi yakilitikisa hupata umeme, kisha husema kwenye redio za mabaharia: "Hapa pana mwamba. Piteni mbali." Sauti ile ilikuwa ya mumewe, Vuai, fundi aliyelitengeneza, ambaye sasa ni marehemu. Kesho lingeondolewa, liwekwe jipya lenye sauti ya mtu mwingine.

Tangu asubuhi Mize alikuwa ameipakata redio, nayo kimya.

"Shoga, leo hupiki?" jirani yake Saada alimtania huku akianika nguo. "Au umeposwa na hiyo redio?"

"Naomba upepo kidogo tu, nimsikie mara ya mwisho."

"Ushindwe na ulegee! Mwanangu yuko huko nje na kiboti chake."

Punde kanga zikaanza kupepea kambani. Redio ikakoroma, ikakohoa.

"Hapa pana mwamba," Vuai akasema.

Saada alisimama na nguo mkononi, ikimchuruzikia maji miguuni, macho yake baharini. Mize akaona haya. Akapunguza sauti, akaibana redio sikioni, na wimbi jingine likainuka.