Pumzi ya Shekue

Figo za Shekue, mpiga zumari, zilipodhoofu, alianza kusafishwa damu kwa maji yanayotiwa tumboni kupitia mrija. Yalimweka hai, lakini yalimbana pumzi, na harusi zote zikampita akiwa barazani.

"Wengine hushinda na maji tumboni," Daktari Zuhura alimwambia. "Wewe vipimo vyako vinaruhusu uyamwage asubuhi, uyatie tena ukienda kulala."

"Na mchana, daktari?"

"Mchana tumbo ni lako, mzee."

Palepale wodini, maji yalipokwisha kutoka, Shekue hakungoja hata kufunga vifungo vya shati. Alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akapuliza zumari. Wodi nzima ikashtuka, kisha ikapiga vigelegele. Nje ya dirisha, bibi mmoja akatua kikapu, akajifunga leso kiunoni.