Saa ya Mwisho ya Nyumbu

Siku hizo mtu hakuuziwa nyama mpaka asikilize kwanza saa ya mwisho ya mnyama wake: mapigo ya moyo, pumzi na sauti zote zilizonaswa kutoka porini. Mgonjwa alisikiliziwa na ndugu yake wa damu.

Ndivyo Ghati, ambaye hakuwa ameonja nyama tangu usichana wake, alivyojikuta amekaa buchani na visikilizio masikioni. Baba yake, Mzee Nyamhanga, mwindaji wa zamani, alikuwa hajiwezi kitandani, na kila chakula kilimshinda. Alitamani nyumbu tu. Wengi walivua visikilizio kabla ya saa kwisha, wakarudi nyumbani na maharage. Ghati hakuvua.

Jioni alimlisha baba yake minofu iliyochemshwa ikalainika.

"Alikufaje?" mzee aliuliza.

"Alikuwa amelala, Baba. Hakujua lolote."

Mzee alitafuna taratibu. "Nimewawinda miaka arobaini, mwanangu. Sikumkuta hata mmoja aliyelala." Akameza. "Alikuwa na ndama?"

Ghati alikoroga mchuzi. Masikioni mwake ule mlio mwembamba ulikuwa bado unaita, na mama akiuitikia huku pumzi zikimwishia.

"Alikuwa naye," alisema mwishowe.

Mzee alifumba macho. Ghati alidhani angeisukuma sahani, na moyoni aliomba aisukume. Lakini baba yake alifungua kinywa, akangoja, na yeye akachota kijiko kingine akamlisha.