Doa la Hina

Fundi Makame alishona ngozi mpya kwenye usukani, akaisugua dashibodi ya gari kuukuu mpaka ikang'aa. Mzee Shaibu, mwenye gari, alipokuja, fundi akatabasamu.

"Kitendawili, mzee."

"Tega."

"Kilikaa miaka tisa, leo hakipo."

"Nimeshindwa, mwanangu. Chukua mji."

"Doa la hina hapo mbele. Nimelitoa lote."

Mzee akapatazama hapo kwenye dashibodi. Marehemu Mwatime, binti yake, aliegemeza kiganja pale akitoka kupakwa hina ya harusi, na babake akamgombeza njia nzima.

"Kazi nzuri," alisema taratibu.

Akaingia garini, lakini usukani hakuushika. Alitandaza vidole vyake vikubwa juu ya dashibodi, pale palipokuwa na kile kiganja kidogo, akakaa.