Rangi Mbichi Ukutani

Mwalimu alipokata kona pamoja na mwalimu mwenzake, alisimama ghafla. Ukuta mzima wa ofisi ya wakimbizi ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu: ASANTE MWALIMU WETU WA GEREJI.

Gereji! Darasa lake la kujificha humo gerejini halikuwa na kibali. Waheshimiwa wa ofisi hiyo hiyo walimnyima, eti watoto wa wakimbizi hawafundishiki, na wakaapa kwamba akikamatwa na chaki mkononi atalala ndani.

Mlinzi alikuwa amemkamata binti mmoja mkono. Rangi ilimchuruzika kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko.

"Nani kakufundisha kuandika? Sema!"

"Mimi, afande? Hata herufi a siijui. Nimeegemea tu ukuta."

"Mwongo mkubwa we!"

"Haki ya Mungu, sijui kusoma. Watu kama sisi tusomee wapi?"

Binti alimwona mwalimu ng'ambo ya barabara, akageuza uso upesi kana kwamba hamjui.

Yule mwalimu mwenzake alimvuta mkono. "Dada, twende zetu. Huoni mtoto anakuokoa?"

Mwalimu alijinasua, akavuka barabara.

"Anajua," alisema kwa sauti. "Tena anajua vizuri. Nimemfundisha mimi."