Zamu ya Mwanaidi Mikokoni

Kila mtu huruhusiwa kuingia hifadhi ya mikoko mara moja tu maishani. Mimi niliingoja zamu yangu tangu utotoni, nikaipata mwaka huu, mwanangu Mwanaidi akiwa mgongoni, mchanga, usingizi umemkolea.

Langoni mashine ililia mara mbili.

"Wawili," mlinzi akasema. "Karibuni."

"Wawili gani? Huyu si kalala!"

"Ameshaingia, dada. Zamu yake ndiyo hiyo."

"Kaona nini huyu? Kanyonya, kalala. Mfute!"

"Mashine haifuti."

"Basi nitoke, nikamwache kwa mtu."

"Ukitoka, na yako imekwisha."

Hasira zilinipanda. Katika darasa la jioni la watu wazima tulifundishwa kwamba sheria hii inawatunzia watoto mikoko. Watoto gani, ikiwa wangu ameshamaliza?

Sikwenda kuwatazama ndege heroe, wala magofu ya msikiti niliyoyaota miaka yote. Nilikaa ukingoni mwa daraja la mbao, nikafungua mbeleko, nikamwamsha. Alilia. Nikamshusha taratibu, nikazichovya nyayo zake topeni. Kaa wadogo wakatawanyika, naye akanyamaza, akakodoa macho.

"Ona, mama," nikamwambia. "Ona upesi."

Mlinzi akaja mbio na ndoo ya maji na kitambaa.

"Dada, tope haliruhusiwi kutoka humu. Nipe miguu ya mtoto niioshe."

Nilizifumbata nyayo zile kwa viganja vyangu viwili, tope likiwa bado na joto. Akanyoosha mkono. Sikuvifumbua.